Kioo cha Harusi na Soketi ya Nne

Sisi ni watu wa Sabato. Baba mkwe wangu amekuwa mzee wa kanisa tangu nikiwa msichana wa sketi ya shule, na mimi naimba kwaya ya kina mama, sauti ya pili. Kila mwaka kwenye makambi tunahubiriwa kwamba mila za kale zilibaki msalabani, na sisi sote tunajibu amina, yeye kwa sauti nzito kuliko wote. Lakini Ijumaa ile, nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya mashine yangu ya leza ya kuchorea, pale sebuleni, mkono wangu umepotelea ndani mpaka kwapani, baba mkwe wangu alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, juu ya kigoda, akinielekeza kwa kelele, kwa sababu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo mila haikubaki msalabani. Hiyo ilitoroka.

Kwetu tunaiita ensoni, heshima iliyochanganywa na aibu mpaka huwezi kujua ni gani imezidi. Kwa miaka ishirini na miwili niliyoolewa pale Gesima, Tata, ndivyo ninavyomwita, hajawahi kukanyaga sakafu yangu; angekanyaga, ingebidi mbuzi achinjwe kusafisha mwiko. Mvua ikimkuta kwetu anasimama upenuni, tunampitishia chai dirishani kama mfungwa. Anajua nyumba yangu vile mvua inaijua, kwa nje tu.

Sasa mtu atauliza leza ilifikaje sebuleni. Ilifika kwa sababu haikupita mlango wa kibanda changu pale Keumbu. Nilikuwa nimepima mashine vizuri sana. Mlango ndio sikupima. Wanaume wanne waliishusha kwenye pikapu, wakaigongesha mara tatu, mmoja akapangusa jasho akasema, "Mama, hii ni ng'ombe, na hapa ni mlango wa kuku." Ikarudishwa nyumbani, ambako mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa ameweka mlango wa pande mbili kwa sababu ya maringo tu. Sofa kubwa ikahamia chumba cha watoto, leza ikachukua kiti chake, mgongo umebanwa karibu na ukuta. Mzee wangu anafanya kazi mbali, huja mwisho wa mwezi. Alipokuja alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakaa kwa ndoo.

Kwa hiyo pale Keumbu napokea kazi, nyumbani naifanya. Nachora mbao za ukumbusho, vibao vya "Mbwa Mkali" vya watu ambao hawana mbwa, na vishikio vya funguo vyenye aya za Biblia kwa watu wa boda boda ambao wangeisoma hiyo aya wangepunguza mwendo. Vyote hivyo ni vitu bapa. Leza inapenda kitu bapa. Ukiipa kitu cha mviringo inachora kamstari kembamba hapo juu, kwingine kote mwanga unatawanyika, inakuwa umepoteza wakati.

Ndipo nikanunua rotari. Ni kifaa kama kitanda kidogo chenye roli mbili za mpira na mota pembeni. Unalaza chupa juu ya roli, mota inazungusha roli, roli zinazungusha chupa, leza inachora huku chupa ikigeuka kama mtu anayeota moto mgongo na tumbo. Muuzaji akaniambia kwa simu, "Mama, ni rahisi. Chomoa waya wa mota ya mbele-nyuma, chomeka rotari hapo hapo."

Nikaweka mikono juu ya mashine nikaiombea. Niliomba vizuri, na zaburi nikaweka. Kitu ambacho sikufanya ni kuzima stima. Nilipochomoa ule waya kukatoka sauti ndogo, pwi, na draiva ikafa. Draiva ni kijisanduku kinachopokea amri kutoka bodi, ubongo wa mashine, kisha kinaisukuma mota. Bila hicho mota ni chuma cha kuzuia mlango. Majuma mawili leza ilikaa kimya sebuleni ikitazama watu. Nilipoagiza nyingine niliagiza mbili, moja ya kufufua nilichoua, nyingine ya akiba. Rotari nikaisukuma chini ya kitanda, mahali ambapo naweka dhambi zangu zote za vyuma.

Ingekaa huko mpaka leo kama si mdomo wangu.

Mimi niliacha shule darasa la saba, nikarudi nikiwa na miaka thelathini na tisa. Gumbaru, shule ya watu wazima. Tulikuwa tunakutana shule ya msingi hapo karibu, jioni watoto wakishatoka, tunakaa kwenye madawati yao, magoti yakigusa kidevu. Darasa lilikuwa moja lakini la aina mbili. Upande wa dirisha tulikaa sisi wa kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na upande wa ukuta wale walioanza na a, e, i, o, u. Mwalimu alikuwa mmoja. Alikuwa anafundisha upande mmoja pembe tatu na upande mwingine herufi, na siku akichoka alichanganya, akaambia wazee wa herufi watafute eneo la duara.

Miaka minne. Halafu siku moja anatuambia amehamishwa, anaenda mbali, upande wa kaskazini, anaondoka Jumapili. Tukakubaliana Ijumaa saa kumi tukutane tumuage mapema, kila mtu arudi kwake kabla jua halijatua. Zawadi haikubishaniwa. Chupa ya chai. Sisi tunalima majani chai, na miaka yote hiyo mwalimu alikunywa chai yetu. Kwetu mtu akikaa nawe na hajakupa chai, jua kuna kesi. Tukanunua chupa moja nzuri ya chuma, ya buluu.

Mimi nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikasema, "Kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake kwenye karatasi. Mimi nina mashine. Nitayaweka yote kwenye hii chupa, yaizunguke, vile vile mlivyoandika."

Tulikuwa kumi na saba. Watano kati yetu walikuja gumbaru wakitia kidole gumba kwenye fomu. Niliwaona wakiandika siku ile, ulimi nje, karatasi imekandamizwa kama itaruka. Shemasi wetu wa kanisa, mama mjane mwenye wajukuu wasiohesabika, alitumia dakika kumi kwa jina lake la kwanza na kumi nyingine kwa la pili, na alipomaliza alilipuliza kama moto. Nikakunja karatasi nikaitia kwenye Biblia. Kufika njiani ndipo nikakumbuka rotari iko chini ya kitanda na sijui kuifunga.

Chupa ilikuwa moja. Leza ikishachoma rangi haifutiki. Na nikishindwa, mwalimu angeenda kaskazini na chupa ya sokoni kama ya mtu yeyote, na majina ya wale watu yangebaki kwenye karatasi ya daftari ndani ya Biblia yangu, na kila Sabato shemasi angeniangalia tu. Yule mama haongei akikasirika. Anaangalia.

Kwa hiyo nikaenda kwa Tata. Alikuwa fundi wa umeme kiwanda cha chai huku kwetu Nyamira mpaka akastaafu, na bado akisikia mashine ya kusaga posho ya jirani anaweza kukuambia ni beringi gani inalia. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Hiyo bodi ina soketi ngapi?"

"Nne, Tata. Ya kwanza ni ya kulia-kushoto, ya pili mbele-nyuma, ya tatu inapandisha meza. Ya nne iko tupu."

"Iko tupu na wewe ukaenda kuchomoa yenye mtu?"

Nikarudi nyumbani kuitoa rotari chini ya kitanda.

Alhamisi nilifunga mezani waya za nguvu na waya za kutoka soketi ya nne hadi kwenye ile draiva ya akiba, nikaipachika ndani ya mgongo wa leza. Zikabaki waya nne za mota ya rotari, ambazo hazingepita tundu la mashine zikiwa zimeshafungwa. Hizo ilikuwa lazima zifungiwe huko huko ndani. Shida ni kwamba kwenye ile nafasi ya ukutani unaweza kuingiza kichwa au mkono. Si vyote viwili. Ukiona hufiki, ukifika huoni.

Ijumaa asubuhi Tata akaja na kigoda chake, akaketi chini ya dirisha, kofia magotini.

"Stima imezimwa?"

"Imezimwa, Tata."

"Imezimwa ama imeombewa?"

"Imezimwa!"

"Leta plagi nione."

Nikachomoa plagi ukutani nikampitishia dirishani. Akaishika, akaikalia. Kweli kabisa, mzee wa kanisa amekalia plagi kama kuku, na tangu hapo nilifanya kazi nikiwa na amani kubwa kuliko ile ya sala yangu ya kwanza.

Alinifundisha kwanza kujua waya gani ni wa nani. Waya za mota ile ni nne, zinatembea mbili mbili. "Shika mbili, gusanisha ncha zake, halafu zungusha roli na mkono," akasema. "Ikizunguka laini, hao hawajuani. Ikigoma, hao ni bwana na bibi." Nikajaribu nyeusi na nyekundu, roli ikateleza. Nyeusi na kijani, ikakaza.

"Imegoma, Tata!"

"Basi hiyo ni ndoa. Nyekundu na buluu ni ile nyingine. Karatasi inasemaje kuhusu mpangilio?"

"Kutoka kushoto kwenda kulia: nyeusi, kijani, nyekundu, buluu."

"Funga hivyo."

Sasa hapo ndipo nikalala kifudifudi. Nikaingiza mkono, nikapapasa skrubu nne ndogo kama punje za mtama, bisibisi ikaanguka mara ya kwanza, ikaanguka mara ya pili. Tata huko nje anaongea, "Umefika? Iko wapi? Unashika gani?" na mimi sijui nashika gani.

"Ningeona kidogo tu," akasema.

"Ingia basi, Tata. Dakika mbili. Mungu anajua."

"Mungu anajua," akasema, "na majirani pia wanajua."

"Basi ingiza kichwa tu dirishani."

"Kichwa kikiingia, nani amebaki nje? Matako?" Akacheka peke yake, halafu akakumbuka anaongea na mke wa mwanawe, akakohoa kwa muda mrefu.

Ndipo nikakumbuka kioo. Kile kioo kirefu cha kujitazama nilipewa siku ya harusi na dada zake Tata, na tangu siku hiyo kimenionyesha nikinenepa bila huruma yoyote. Nikakitoa chumbani, nikakisimamisha juu ya kiti pale kwenye kona, nikakizungusha kidogo kidogo mpaka Tata akapiga kelele huko nje, "Hapo! Simama hapo! Naona mgongo wote. Hiyo vumbi yote ni ya nini, mama?"

Tukafanya kazi. "Anza na ya kushoto kabisa," akasema. Nikapapasa. "Hapana, hiyo ni ya kulia. Rudi. Rudi tena. Hapo, hiyo ndiyo kushoto. Weka nyeusi." Nilihisi mkono wangu uko upande mwingine kabisa na ule anaousema. Lakini nitabishana na mtu aliyewasha kiwanda kizima? Nikafikiri ni damu imenipanda kichwani. Nyeusi, kijani, nyekundu, buluu, kila moja vile alivyosema, kila skrubu nikaikaza.

Kompyuta ikataka kujua roli ikizunguka mara moja chupa inasonga kiasi gani. Hesabu hiyo ndiyo niliyokuwa nimeingoja kwa miaka minne. Roli ilikuwa na upana wa sentimita saba, kama vile mwalimu mwenyewe ndiye aliyeiunda. Ishirini na mbili juu ya saba, mara saba. "Sentimita ishirini na mbili, Tata!"

"Ngoja nipime." Nikampelekea rotari dirishani, akaizungushia roli uzi wa kushonea, akapima uzi kwa rula. "Ishirini na mbili na kidogo."

"Hicho kidogo ni cha nini?"

"Cha uzi," akasema, na sauti yake haikupenda.

Kitu cha kujaribia kilikuwa muwa. Tata alitaka bomba la maji la plastiki, nikakataa, hiyo ikichomwa inatoa moshi wa sumu. Muwa ni mviringo, umenyooka, na ukiharibika unakula. Nikakata kipande kinene, nikakilaza kwenye roli, Tata akainuka akanirudishia plagi, nikawasha. Mota ikanguruma ndani kwa ndani, nikagusa roli, haikugeuka.

"Sikia hiyo," Tata akasema huku amefumba macho. "Imeshika. Mota ikipata stima hukaza hivyo."

Karatasi ya majina nilikuwa nimeipiga picha nikaitia kwenye kompyuta; nikateua majina matano ya kwanza, nikafunga kifuniko, nikabonyeza. Muwa ukaanza kugeuka taratibu, mwanga ukipita huku na huku, na majina yakaanza kutokea kahawia juu ya ngozi yake. Nilipiga kigelegele. Bomba la moshi linatokea dirishani, karibu kabisa na sikio la Tata, na moshi wa sukari ya kuungua ukamfunika yeye na kofia yake.

Ilipomaliza nikautoa muwa, nikausoma. Nikaugeuza juu chini, nikausoma tena. Majina yote yalikuwa yamegeuka, kama maandishi ukiyatazama nyuma ya karatasi.

"Tata, yamegeuka."

"Lete mbele ya kioo nione." Nikayainua mbele ya kioo. Akatazama vizuri. "Yako sawa kabisa. Jina la kwanza naliona, hata la pili."

"Tata, nimeyashika hapa mkononi. Yamegeuka."

"Mama, mimi nina macho. Yako sawa."

"Yamegeuka!"

"Yako sawa!"

Hapo katikati ya ubishi wa watakatifu wawili, sauti ikatoka kwenye njia. "Bwana asifiwe. Hapa kunanuka nini?"

Alikuwa shemasi. Alisimama akaangalia. Ijumaa, siku ya maandalio, nyumba ya mwanakwaya inatoa moshi wa sukari iliyoungua kama wa wapika pombe, na mzee wa kanisa amekaa chini ya bomba, vipande vya miwa miguuni, macho mekundu.

"Mzee," akasema polepole, "mnapika?"

"Tunaandika," Tata akasema.

"Mnaandika nini inanuka hivi?"

"Majina."

"Majina ya nani yananuka chang'aa?"

Nikatoka nje mbio na ule muwa kabla hajamaliza hesabu zake. "Ni majina yetu, mama! Ya chupa ya mwalimu. Tunajaribu kwanza. Yako ni hili la tatu."

Akachukua muwa, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Ni lazima niseme kwamba shemasi kwa miaka mitatu alikuwa na vita na herufi S. Ya kwake ilikuwa inageukia upande usio wake, na mwalimu kila jioni alipita akamwambia, "Mama, nyoka wako anaangalia nyuma," na yeye akajibu, "Ana sababu zake." Sasa akaufuatisha muwa na kidole mpaka akafika, akatabasamu meno yote.

"Haya mengine sijui mmefanya nini," akasema, "lakini S yangu imekaa vile mwalimu anataka. Mashine iko na akili."

Tata alitazama S, akatazama dirisha, akatazama kioo huko ndani, akavaa kofia.

"Mama," akaniambia. "Kwenye kioo, kushoto ni wapi?"

Nikakaa chini hapo hapo kwenye nyasi. Alikuwa amenielekeza kwa kioo, kwa hiyo kushoto kwake kote kulikuwa kulia, waya zote nne zimekaa kinyume, kwa mpangilio kabisa, kwa uaminifu, na mota ikazunguka vizuri sana kwenda kusikotakiwa.

"Na zile herufi kwenye draiva hukuona zimegeuka?" nikamuuliza.

"Niliona."

"Ukafikiria nini?"

"Nilifikiria ni Kichina."

Shemasi akaomba kueleweshwa. Tulipomwelewesha aliacha kutafuna kipande cha muwa tulichompa ili acheke vizuri. "Kwa hiyo mzee," akasema, "ungeingia tu dakika mbili, haya yote hayangekuwa."

"Wewe mwenyewe," Tata akamjibu, "ungenikuta ndani ungesema nini kanisani kesho?"

Akafikiria kwa haki. "Ningeomba kwa ajili yako," akasema. "Kwa sauti."

Ilikuwa imefika saa saba na nusu. Kwenye kompyuta kuna mahali pa kugeuza upande wa mota kwa kubonyeza tu, nikataka kubonyeza. Tata akakataa. "Usiifundishe kompyuta uongo kwa sababu ya waya. Kesho utasahau ulidanganya wapi." Akadai plagi yake, akaikalia tena. "Mbili za mwisho, zile za upande wa ukuta. Hizo ni bwana na bibi. Zibadilishane nafasi. Na toa hicho kioo, kimenitosha."

Nililala tena kifudifudi. Safari hii hakuna aliyeniambia kushoto wala kulia. Ukuta ni ukuta, ukiwa kipofu au unaona. Nikazipapasa, nikazibadilisha, nikakaza. Muwa wa pili ukazunguka kwenda upande mwingine, na majina yakasomeka, kila moja kama lilivyoandikwa, mteremko wake na mtetemo wake. Kasoro S, ambayo ilikuwa inaangalia nyuma tena.

"Sasa mmeharibu," shemasi akasema mlangoni.

Nilimwonyesha karatasi. Akaitazama, akatazama muwa, akaona ni mkono wake kweli. Nikamwambia hiyo moja naweza kuigeuza kwenye kompyuta, sekunde tano, mwalimu hatajua. Nilitaka kumfurahisha, na pia nilikuwa naogopa kuangaliwa. Akatafuna kidogo. Akatema makapi mbali, kwa heshima.

"Wacha," akasema. "Akifika huko kaskazini aone S nzuri, atasema hii si ya yule mama. Atasema nimeandikiwa."

Nikaifuta chupa na kitambaa, nikailaza kwenye roli. Nikaizungusha kwanza kavu, bila mwanga, nikaona inatambaa kidogo kidogo kwenda upande wa shingo, kwa sababu chini ni nene kuliko juu. Nikaikinga na kitabu cha lesoni ya Sabato ya robo iliyopita, ambacho hakikuwa kimefunguliwa sana, kwa hiyo kilikuwa kigumu bado. Ikatulia. Tukaomba. Tata aliomba akiwa nje, shemasi mlangoni, mimi ndani. Mungu atafute mwenyewe katikati. Halafu nikabonyeza.

Majina kumi na saba yanachukua muda mrefu kuliko unavyofikiria, na kila mstari ukikatika nilisikia Tata akiuliza, "Bado inazunguka?" na shemasi akimjibu, "Bado, mzee," kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Rangi ya buluu ikatoka, chuma kikang'aa chini yake, jina baada ya jina. La mwisho lilikuwa langu. Ndilo baya kuliko yote, niliandika kwa haraka kwa sababu nilikuwa na kiburi.

Tulifika shuleni saa kumi kasoro, mimi na shemasi, chupa nimeifunga kwenye leso ya kichwa. Mwalimu alihutubiwa, akaimbiwa, akapewa ndizi ambazo hangeweza kubeba. Halafu chupa. Aliifungua leso, akaona maandishi, akadhani ni mapambo. Akaisogeza karibu. Akaanza kuizungusha mkononi, taratibu, mwendo ule ule wa rotari, na kusoma kwa sauti kama anaita rejista. Kila mtu aliyeitwa akajibu, "Niko, mwalimu," hata wale wazee wa kidole gumba, mmoja wao akasimama wima kama askari.

Alipofika kwa shemasi akasita. Akainamisha chupa. Akanitazama mimi.

"Hii S, ni mashine imekosea?"

Nikafungua mdomo. Shemasi akaniwahi.

"Mashine ilikosea kwanza," akasema, "ikaandika vizuri. Tukairekebisha."

Mwalimu hakuelewa. Alitazama darasa zima, hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hata wao hawakuelewa. Lakini alipitisha kidole gumba juu ya ile S, akakirudisha, akakipitisha tena. Akatoa kitambaa akajifanya anapangusa chupa.

Nilirudi mbio nyumbani kuwahi jua. Tata alikuwa bado kwenye kigoda, anamalizia muwa wenye majina yaliyogeuka, amefika katikati ya darasa. Sikuwa nimerudisha kioo chumbani. Kilikuwa kimeegemea leza, kinatazama dirisha. Nikampitishia chai.

"Alisema nini?" akauliza.

Nikamwambia neno kwa neno, rejista na yote, mpaka jibu la shemasi. Tata akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkono wa koti, na mimi nikiwa nimempa mgongo nakunja nyaya nikamwona kwenye kioo, kofia imekaa upande, anacheka katikati ya sebule yangu, mahali pale pale sofa ilipokuwa.

Sikumwambia. Tungechinja mbuzi, na jua lilikuwa linatua.